Kusumbua, kukera, kutia wasiwasi: maswali ya Kiingereza yanayorudi kila msimu Bagamoyo

Nafundisha Kiingereza jioni hapa Bagamoyo. Wanafunzi wangu ni waongoza watalii, wahudumu wa nyumba za kulala wageni, manahodha wachache na vijana waliomaliza kidato cha nne. Kila msimu wa wageni ukikaribia, maswali yanakuwa yale yale, na mengi yanazunguka jambo moja: nisemeje kwa Kiingereza kwamba kitu kimemsumbua mtu, kimemkera, kimemtia wasiwasi, kimemvuruga roho? Nimeyakusanya hapa ili nisiwe naandika jibu upya kwenye simu kila usiku. Ukiweza, soma tangu juu. Kama zamu yako inaanza kesho asubuhi, ruka hadi sehemu ya kazini.

## Mwanzo

1. Najua "disturb" ni kusumbua. Kwa nini nisitumie hilo moja tu kila mahali?

Kwa sababu kusumbua kwetu ni kupana mno. Jino linanisumbua, mtoto ananisumbua, pikipiki inasumbua kuwaka, mteja ni msumbufu. Kiswahili kinayabeba yote bila shida. Kiingereza kinayatenganisha. Kwa jino utasema "my tooth is bothering me". Kwa pikipiki, "it's giving me trouble". Mteja msumbufu ni "difficult". "Disturb" inabaki na kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kukatiza: mtu kalala, anasali au yuko kikaoni, nawe ukaingia. Ya pili ni nzito: kumwachia mtu jambo linalomkosesha usingizi. Maneno mengine ya ukurasa huu mengi yanakaa kati ya hizo mbili.

Asili yake ni Kilatini, "turba", yaani umati wenye fujo. Humo humo ndimo walimotoa "perturb", "trouble" na "turbulent". Darasani nawaambia wafikirie mnada wa samaki pale ufukweni mashua zikishaingia: ndoo zinagongana, watu wanasukumana, kila mtu anapaza sauti. Aliye "disturbed" ana mnada wa namna hiyo kichwani, na hauishi.

2. "Disturb", "bother" na "annoy" zinapishana wapi?

"Bother" ndiyo nyepesi na ndiyo utakayoitumia zaidi: usumbufu mdogo, wa kumtoa mtu kwenye shughuli yake au kumchosha kidogo. "Sorry to bother you" inafaa kwa karibu kila mtu, kuanzia mgeni hadi bosi. "Annoy" ni kukera. Humo mna hasira ndogo, subira imeanza kuisha. Mbu wanaolia sikioni ni "annoying". Ukisema mbu ni "disturbing", msikilizaji atajiuliza mbu hao wamefanya jambo gani la kutisha.

3. Nachanganya "disturbing" na "disturbed". Kuna njia ya kukumbuka?

Ipo, na iko ndani ya Kiswahili. Sisi tunasema habari *inasikitisha*, mtu *amesikitika*. Jambo *linashangaza*, mtu *ameshangaa*. Penye -sha au -za ya kusababisha, Kiingereza kinaweka -ing. Upande wa aliyepatwa wao wanaweka -ed. Kwa hiyo habari ni "upsetting", wewe ni "upset". Sauti ni "annoying", wewe ni "annoyed". Safari ni "worrying", mama yako nyumbani ni "worried". ("Upset" haiongezwi -ed, inabaki vile vile.)

Kosa la hatari ni "I am disturbing". Mwanafunzi anataka kusema ana wasiwasi, lakini alichosema ni kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa kuogofya. "Disturbed" nayo ina mtego wake. Tazama swali la 13.

4. Maneno ni mengi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye Kiswahili. Hili ndilo ninalolirudia darasani kuliko jingine lolote. Wengi wanafungua kamusi, wanaandika "sumbua", wanapewa maneno kumi ya Kiingereza, wanachagua lile refu wakidhani ndilo la kisomi. Funga kamusi kwanza. Jiulize: ningekuwa namwambia mama yangu habari hii, ningesemaje? Hapo utasikia kwamba hukutaka kusema "sumbua" hata kidogo.

Kiswahili kinaonyesha mahali mtu alipoguswa. Tunasema roho haitulii, moyo unadunda, tumbo joto, nywele zimenisimama, miguu imelegea, uso nimeuficha wapi. Kiingereza nacho kinagawa kwa namna hiyo, ila kimeyaficha ndani ya maneno ambayo sisi tunayaona mapya. Roho isiyotulia ni "uneasy" au "unsettled". Ukilegea miguu kabla ya kupanda jukwaani, hiyo ni "unnerved". Nywele zikisimama, wao watasema "it gives me the creeps". Mtu anayetafuta pa kuficha uso ni "embarrassed". Aliyeulizwa swali asilolitarajia akababaika ni "disconcerted", au kwa lugha nyepesi, "thrown". Na yule ambaye hakupatwa na lolote ila subira imemwishia, ni "annoyed" tu, hana haja ya neno kubwa.

Ukiisha kujua kilichoguswa, maneno kumi yanabaki mawili. Kati ya hayo chagua jepesi.

## Maneno yenyewe

5. "Upset" ni huzuni au hasira?

Yote mawili, na ndiyo maana linawachanganya watu. Maana ya zamani ni kupindua: kikombe, mkokoteni, mashua iliyopigwa na wimbi ubavuni. Tumbo lililovurugika mpaka leo ni "an upset stomach". Mtu aliye "upset" kapinduliwa moyo. Kama kinachomwagika ni machozi au maneno makali, utajua kwa kumtazama.

Angalia kinachofuata. "Upset about" inataja jambo: "She is upset about her camera", kamera yake imepotea, anasikitika. "Upset with" inataja mtu: "She is upset with me", amenikasirikia, amenuna. Mhudumu akiambiwa na mwenzake "the lady in room 4 is upset with you", asiende kumpa pole. Aende kuomba radhi.

6. "Unsettle" na "unnerve" zinafanana. Nitofautisheje?

"Settle" inatoka kwenye neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya kiti. Aliye "unsettled" ni kama kainuliwa kwenye kiti chake. Hajaogopa bado, ila hakai akatulia. "Unnerve" imetokana na "nerve", ambayo zamani ilikuwa mshipa au kano, kitu kinachofunga mwili ukawa imara. Kumfanyia mtu hivyo ni kumlegeza, kumwondolea ujasiri.

Chukua abiria kwenye mashua. Nahodha aliyekuwa akipiga hadithi tangu mwanzo ananyamaza ghafla, anatazama mawingu ya upande wa kusi, anasogeza tanga bila kusema neno. Kimya kile "unsettles" abiria: wanatazamana, wanakaa vizuri, mmoja anauliza kama bado ni mbali. Wimbi la kwanza likiruka likawamwagikia mapajani, yule aliyekuwa akipiga picha anaificha simu na kushika ukingo kwa mikono miwili. Huyo sasa ni "unnerved".

7. Na "rattle", "shake", "faze"?

"Rattle" ni mlio wa vitu vinavyotikiswa, kama sarafu ndani ya kopo. Mtu aliyekuwa ametulia akaanza kukosea maneno baada ya kuulizwa swali gumu ni "rattled". "Shaken" ni zito zaidi, la mtu aliyetoka kwenye ajali au aliyepokea habari ya msiba: "He wasn't hurt, but he was shaken."

"Faze" wanaitumia karibu kila mara kwa kukanusha. "Nothing fazes her": hababaiki kwa lolote. Ni neno la Marekani la karne ya 19, lenye mzizi katika Kiingereza cha kale wenye maana ya kufukuza. Usiliandike "phase", ambalo ni awamu. Hata Waingereza wenyewe wanalikosea, lakini kwenye barua ya maombi ya kazi kosa hilo linaonekana haraka.

8. Kwa nini "worry" wanaitumia kwa mbwa pia?

Kwa sababu mwanzo wake ni kunyonga, kukaba koo. Uingereza hadi leo mbwa anayewafukuza na kuwang'ata kondoo anasemwa "worries" kondoo, na ipo sheria yao ya mwaka 1953 inayotumia neno hilo hilo. Kwa watu imebaki maana ya wasiwasi. Kama umewahi kumsubiri mtoto aliyechelewa kurudi na magharibi imeshaingia, unajua kwamba wasiwasi una mkono na mkono huo unashika koo.

9. "Perturb", "disconcert", "discompose": nayahitaji?

Uyatambue ukiyasoma. Kuyasema si lazima. "Worried", "upset" na "uneasy" zinatosha kwa mazungumzo ya siku nzima.

10. "Creepy" ina maana gani hasa? Naisikia kwa wageni kila siku.

Ni ile hali ya ngozi kusisimka kana kwamba mdudu anatembea juu yake. "Creep" ni kutambaa. Nyumba ya zamani isiyokaliwa, popo dirishani, mtu anayekutazama muda mrefu bila kusema: hayo wao wanayaita "creepy". Likisemwa juu ya mtu lina tuhuma, hasa mwanamume anayemfuatafuata mwanamke. Mgeni akisema "that man is creepy", msogeze karibu nawe, uliza kulikoni, usicheke.

Nina ombi kwa waongoza watalii wa Kaole. Msiyaite makaburi yale "creepy", hata mgeni akianza. Pale kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, kuna makaburi yenye nguzo, na wapo watu wanaokwenda kuomba dua kwenye kaburi la Sharifa. Ukisisimka pale si kwa kuogopa mdudu. Unachotaka kusema kinakaribiana na "awe", heshima inayomnyamazisha mtu, au kwa urahisi, "people feel something here". Neno moja baya linaweza kuwafanya wageni wanane waanze kuchekacheka mbele ya bibi aliyekaa kando na ubani wake.

11. "Alarm" si kengele?

Ni kengele na ni kushtua. Neno limetoka Kiitaliano, "all'arme", yaani shikeni silaha. "I don't want to alarm you, but..." ni njia ya upole ya kuanza kumwambia mtu jambo la hatari: maji yanajaa, turudi sasa. Itumie. Inampa mgeni nafasi ya kuvuta pumzi.

12. "Embarrassed" na "ashamed" ni aibu zote?

Kwetu ndiyo. Kwao "embarrassed" ni kuona haya mbele za watu: umejikwaa sokoni, umesahau jina la mkwe wako. "Ashamed" ni aibu ya kosa lililokaa ndani ya nafsi, hata kama hakuna aliyeliona. Ukimwambia mgeni aliyemwaga soda "don't be ashamed", umelikuza jambo.

## Kazini

13. Mgeni kanyamaza, au analia. Nimuulizeje?

Nilipoanza kazi hii, kabla sijawa mwalimu, nilimwongoza mzee mmoja mjini. Tulipofika kwenye nguzo ya kumbukumbu ya mahali Wajerumani waliponyongea watu waliowapinga wakati wa vita vya Abushiri, 1888 hadi 1889, alisimama, akavua kofia, uso ukabadilika. Nilimhurumia kwa dhati. Nikamwambia, "Sir, you look disturbed." Alinitazama muda, akavaa kofia, hakuzungumza nami tena mpaka tulipoagana. Miaka kadhaa baadaye ndipo nilipojua nilichosema. "Disturbed" ikisemwa juu ya mtu bila kutaja jambo huashiria kwamba akili yake si timamu. Laiti ningejua, ningesema "Are you all right?" na kukaa kimya pembeni yake. Bado namkumbuka.

Basi, uliza "Are you all right?" au "Would you like to sit down for a moment?" Kama ni lazima utaje hali yake, sema "I can see this is upsetting." Hapo ubaya umeuweka kwenye jambo, yeye hukumgusa.

Na pole yetu je? Hakuna neno lao moja linaloibeba. Mgeni akijikwaa ukasema "sorry", atakujibu "it's not your fault", kwa sababu kwao ni kuomba radhi. Kwa msiba au huzuni kubwa "I'm so sorry" inafaa na inaeleweka. Kwa kujikwaa sema "Are you OK?" Wageni waliokaa hapa wiki mbili huishia kusema "pole" wenyewe.

14. Nikisimulia habari za utumwa, neno gani linafaa: "disturbing", "upsetting", "harrowing"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, maana anayeliuliza anajua uzito wa anachosimulia.

"Upsetting" ni la kutahadharisha. Kabla ya kuwaingiza watu kwenye makumbusho ya misheni ya Kikatoliki hapa mjini, mahali palipo na minyororo, waambie: "Some people find this part upsetting. You can wait outside if you prefer." Hasa kukiwa na watoto. Ni sentensi mbili, zijue kwa moyo.

"Disturbing" ni la kitu kinachobaki na mtu akishaondoka. Pete ya chuma ukiiona kwenye kitabu ni picha tu. Ukiinama ukaona jinsi ilivyo ndogo, ukaanza kupima kwa macho ni shingo ya nani ingeenea humo, hapo "disturbing" ni neno sahihi.

"Harrowing" imetokana na haro, jembe la meno linalovutwa na ng'ombe au trekta kupasua mabonge ya udongo. Ni la simulizi ndefu ya mateso: watu waliotembezwa kutoka bara, zaidi ya kilomita 1,000 kwa wale waliotokea upande wa Ziwa Tanganyika. Safari nzima ni "harrowing". Mnyororo mmoja hauwi "harrowing".

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Kwenye mbuyu mkubwa wa misheni kuna mnyororo ambao mti umeumeza, kimebaki kipande tu. Masimulizi ya misheni yenyewe yanasema ulifungwa na Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, ili afungie punda wake. Wapo waongozaji wanaosimama hapo wakasema kwa sauti nzito kwamba ni mnyororo wa watumwa, "a very disturbing chain". Mgeni anatoa machozi kwa ajili ya punda. Akija kusoma ukweli, ataanza kuitilia shaka hata ile minyororo ya kweli aliyoiona dakika kumi nyuma. Neno zito lisipotumika mahali pake linawadhulumu waliofungwa kwelikweli.

Maneno ya kuepuka kabisa kwenye mada hii ni "scary", "creepy" na "interesting". Hilo la mwisho hututoka kwa mazoea: "another interesting story about slaves..." Tafadhali.

15. Na habari ya Livingstone? Wageni wengine wanashangaa, wengine wanakunja uso.

Kwa sababu ndani yake mna mambo mawili. Alifariki Mei 1873 huko Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, walizika moyo wake palepale, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba hadi pwani, na mwaka 1874 ukafika hapa misheni kabla ya kuvushwa Unguja. Uaminifu wa wale wabebaji ni "moving", unagusa moyo. Habari ya kuukausha mwili ni "gruesome", ya kuchefua kidogo, na wengine wataiona "unsettling". Simulia ya kwanza kwa kirefu. Ya pili itaje kwa sentensi moja, anayetaka zaidi atauliza.

16. Mlangoni kuna kibao cha "Do Not Disturb" na saa nane mchana imepita. Nigonge?

Hapana. Hapa "disturb" ni ile ya kukatiza (swali la 1). Najua inakwenda kinyume na malezi yetu. Sisi tukipita kwa mtu tunapiga hodi, na kukaa kimya mlangoni kwa mtu ndiko kunakotia shaka. Nimemwona mhudumu mmoja, shuka begani na ndoo mkononi, akisimama mbele ya kibao chekundu kilichoning'inia kwenye kitasa, akinong'ona "hodi" mara tatu kwa sauti ambayo hata mimi niliyekuwa hatua nne sikuisikia vizuri. Alikuwa anatimiza adabu mbili kwa pamoja.

Nenda mapokezi, waombe wapige simu chumbani. Kama jambo ni la dharura, bomba limepasuka au moshi unatoka, gonga kwa nguvu na useme: "Sorry to disturb you, but we need you to open the door, please."

17. Vijana wa ufukweni wanamfuata mgeni kuuza shanga na picha. Hiyo ni "disturb"?

Ni "bother", "pester" au "hassle". "Pester" ni kung'ang'ania, kuomba na kuomba tena. "Hassle" ndiyo wasafiri wanayoitumia zaidi wanaposimuliana kuhusu mji: "no hassle on the beach" ni sifa kubwa.

Sasa onyo. Zipo kamusi ambapo ukitafuta "molest" utaikuta imefasiriwa sumbua, udhi, chokoza. Zamani ilikuwa hivyo. Siku hizi msikilizaji wa Kiingereza akisikia "molest" anasikia shambulio la kingono, mara nyingi kwa mtoto. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mstaarabu sana, alimwambia mama wa makamo aliyekuwa ameshuka ufukweni peke yake: "Don't worry madam, here nobody will molest you." Alitaka kumtoa hofu. Mama yule aliukumbatia mkoba wake na kurudi hotelini. Mwisho wa habari hiyo uko kwenye swali la 23.

## Kiswahili chetu cha mjini

18. "Unaniboa" ni "you are boring me"?

Sivyo. Kuboa tumelitoa kwao, tukalipeleka kwingine. Kwetu "ananiboa" ni ananikera, ananiudhi. Kwao "boring" ni kinachochosha kwa kukosa mvuto, kama hotuba ndefu. Ukimaanisha kukera, sema "he annoys me". Ukisema "the driver is boring", mgeni atadhani dereva hana mazungumzo, kumbe ulitaka kumwonya kwamba anapandisha bei njiani.

19. Na "usimaindi"?

Kumaindi kwetu ni kuchukia jambo, kuliweka moyoni: "Amemaindi". Wao watasema "he took offence" au "he's offended". "Don't mind" peke yake haimaanishi usichukie. Sema "please don't be offended" au "don't take it personally". Na akikuuliza "Do you mind if I sit here?", kama hujali jibu "not at all". Ukijibu "yes" kwa ukarimu, umemkataza kukaa. Hili linawapata wengi, nami niliwahi kumwacha mtu amesimama kwa sababu hiyo.

20. "Ananipandisha presha" nisemeje?

Si "he gives me pressure". "Pressure" kwao ni msukumo wa kutakiwa kufanya jambo: bosi anataka ripoti leo. Presha yetu ya ugonjwa ni "high blood pressure", na ya kukasirishwa ni "he makes my blood boil" au, kwa upole, "he stresses me out". Hiyo ya pili ndiyo ile ile stresi yetu, kwa mara moja tumekubaliana nao.

## Yanayobaki

21. "Discomfit" na "discomfort" ni neno moja lililokosewa?

Ni mawili. La kwanza asili yake ni Kifaransa cha kale, kumshinda mtu vitani, na sasa ni kumtahayarisha. La pili ni kukosa raha, hata ya kiti kigumu. Waandishi wengi wa Kiingereza wameyaunganisha, basi usihangaike. Tumia "uncomfortable" kwa yote mawili: kiti "uncomfortable", swali linalomtahayarisha mtu nalo "uncomfortable".

22. Wageni wanauliza maana ya jina Bagamoyo. Nitumie neno gani kwa "moyo"?

"Heart", bila kusita. Ugumu uko kwenye "bwaga". Kubwaga ni kutupa chini mzigo uliokuelemea, na "lay down" wanayoiandika kwenye vipeperushi ni laini kuliko kitendo chenyewe. Waonyeshe kwa mabega. Kisha wape maelezo yote mawili yanayosimuliwa: mpagazi wa Kinyamwezi aliyefika pwani na pembe za ndovu, akabwaga mzigo na moyo ukatulia, hiyo ni "relief", na mtumwa anayeiona bahari, akajua harudi tena kwao, akauacha moyo hapa, hiyo ni "despair". Usimchagulie mgeni.

23. Nimeshatumia neno baya na nimeona uso wake umebadilika. Nifanyeje?

Usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi mbele ya yule mzee. Sema palepale: "I'm sorry, that was the wrong word. What I mean is..." kisha tumia maneno mepesi kabisa unayoyajua.

Yule kijana wa swali la 17 alinipigia simu jioni ile, hakujua amekosea wapi. Nilimweleza. Alikaa kimya kwenye simu, nikasikia adhana inamalizika upande wake. Asubuhi yake alikwenda hotelini, akamwomba mtu wa mapokezi amfikishie mgeni karatasi. Alikuwa ameandika kwa mkono: "Madam, yesterday I used a bad word because of my dictionary. I wanted to say nobody will bother you. I am sorry that I frightened you." Saa nne mama yule alishuka, akamkuta amesimama chini ya mkungu, wakaondoka pamoja kwenda Kaole.